Uzi: Kwa nini filamu ya St. Louis Blues (1958) ilimpofusha W.C. Handy kwa ajili ya dhambi?

#1 Mwalimu wa Kwaya
Wakuu, salaam. Juzi nimeitazama kwa mara ya tatu filamu ya Paramount ya mwaka 1958 iitwayo St. Louis Blues, inayosimulia maisha ya William Christopher Handy, mtunzi ambaye Wamarekani wamezoea kumwita Baba wa Bluzi (blues, muziki wa Wamarekani weusi). Handy anaigizwa na Nat King Cole, na waliomzunguka ni kundi ambalo sidhani kama liliwahi kukusanyika tena katika filamu moja: Eartha Kitt, Pearl Bailey, Cab Calloway, Mahalia Jackson, Ella Fitzgerald, Ruby Dee, na Juano Hernández akiwa baba yake, mchungaji Charles Handy. Kwa muziki sina lalamiko hata moja.

Kinachonisumbua ni macho. Katika filamu, kijana Will anakatazwa na baba yake kupiga muziki wa dunia, anaasi, anatunga nyimbo kwa ajili ya kumbi za starehe za Memphis, halafu anapofuka; na hadithi imepangwa kwa namna ambayo mtazamaji hana njia ila kuelewa kwamba dhamiri ndiyo iliyoyaziba macho hayo. Baadaye anaona tena, na mwishoni mzee yumo ukumbini New York, okestra ya simfoni inaupiga wimbo wa mwanawe, na moyo wake unalainika. Handy halisi aliugua macho akiwa mtu mzima mwenye mke, watoto na kampuni, akapona kiasi, kisha akapoteza kabisa uwezo wa kuona mwaka 1943 alipoanguka kutoka jukwaa la treni ya chini ya ardhi jijini New York, akiwa anakaribia miaka 70. Kwa nini basi ajali ya mzee wakaifanya adhabu ya kijana? Naomba mawazo.

#2 Kasha la Santuri
Mleta uzi, nahofia umechanganya mambo. Filamu ya St. Louis Blues ninayoijua mimi ina Dorothy Lamour na boti la maonesho katika mto Mississippi, wala hakuna mchungaji wala kipofu.

#3 Shangazi wa Jazi
Ndugu wa #2, hujakosea kuhusu filamu yako, ila umekosea kudhani iko peke yake. Jina hilo lilibebwa na filamu tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni fupi, ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Dudley Murphy, na thamani yake kubwa ni kwamba ndiyo filamu pekee tunayoweza kumwona mwimbaji wa bluzi Bessie Smith akiimba. Ya pili ni ya mwaka 1939, ya Raoul Walsh, ambayo ndiyo yenye Dorothy Lamour na haihusiani na maisha ya Handy. Ya tatu ndiyo ya mleta uzi, iliyoongozwa na Allen Reisner. Wimbo wenyewe ulichapishwa mwaka 1914, kwa hiyo hata filamu ya kwanza iliukuta ukiwa mtu mzima.

#4 Mtoto wa Mwinjilisti
Mimi siioni ajabu anayoiona Mwalimu. Nilizaliwa katika nyumba ya mwinjilisti, na nilipokuwa darasa la sita niliazima gitaa la jirani likakaa chini ya kitanda changu siku nne. Siku ya tano baba alilitoa, akalirudisha yeye mwenyewe kwa jirani, na mimi nikahudhuria kila mazoezi ya kwaya kwa mwaka mzima nikiwa na hakika kwamba nikiugua homa yoyote sababu ni zile siku nne. Yeyote aliyelelewa hivyo akitazama filamu ile haoni ujanja wa Hollywood, anajiona mwenyewe. Huenda waandishi hawakusema uongo, ila walichukua hofu iliyokuwa ndani ya mtoto wakaitoa nje ili kamera iione.

#5 Msomi wa Hakimiliki
Nimemwelewa #4, lakini nadhani tunamwonea huruma asiyestahili. Tujiulize ni madhila gani Handy aliyapata kweli ambayo filamu ingeweza kuyafanya kiini cha hadithi. Mwaka 1912 alichapisha "The Memphis Blues" kwa fedha zake, akaaminishwa kwamba nakala haziendi sokoni, akauza haki zote kwa dola 50. Kisha wimbo ukavuma nchi nzima na faida ikaingia mifuko ya wachapishaji wazungu kwa miaka 28, hadi mwaka 1940 muda wa hakimiliki ulipokwisha na yeye akaurudisha mikononi mwake. Jeraha hilo ndilo lililomfanya awe mchapishaji, kwanza Memphis pamoja na Harry Pace, kisha New York. Hapo pana mdhulumiwa na pana mdhulumu. Filamu, hata hivyo, imeuweka uzito wake wote kati ya baba mweusi na mwana mweusi. Ukiufungia ugomvi wote ndani ya nyumba ya Handy, hakuna mzungu yeyote ukumbini atakayetoka akiwa na deni. Hayo ndiyo maelezo yangu: macho yamepofushwa ili mtazamaji asitazame upande wa pili.

#6 Shangazi wa Jazi
Naongezea hoja ya #5 kwa kumtazama Cole mwenyewe. Alizaliwa Montgomery, Alabama, jimbo lile lile la Handy, na Aprili 1956 alishambuliwa na wazungu akiwa jukwaani Birmingham, mbele ya watazamaji. Novemba mwaka huo alianza kipindi chake cha televisheni katika NBC, na Desemba 1957 kikafungwa kwa kuwa hakupatikana mdhamini wa kitaifa. Studio iliyomchukua mtu huyo huyo katika kipindi hicho hicho na kumpa filamu yenye waigizaji karibu wote weusi ilijua vizuri ni kumbi zipi za Kusini zingekataa kuionesha. Hadithi ya baba na mwana ni salama kila mahali.

Ila naomba nimpinge #5 katika jambo moja. Neno "salama" halimaanishi kwamba hadithi hiyo ni ya kubuni tu. Baba yake Cole naye alikuwa mchungaji, wa Kibaptisti, na mama yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Alipokuwa akikabiliana na Hernández mbele ya kamera, hakuwa akiigiza jambo la kigeni.

#7 Mwalimu wa Kwaya
Nashukuru. #5, hoja yako inanivutia, lakini haijibu swali langu lote. Ugomvi wa baba na mwana ungeweza kubaki bila upofu. Mtu anaweza kukosana na mzazi wake na akaendelea kuona vizuri kabisa.

#8 Chumvi ya Pwani
Samahanini kwa kuwatoa kidogo njiani. Kuna wengine hapa waliogundua kwamba Eartha Kitt katika filamu hii anaitwa Gogo? Mwanamke mzuri kama yule, mwenye sauti ya kukwaruza kama paka aliyeshiba samaki, wanamwita kipande cha mti kilichoangushwa.

#9 Mkazi wa Dodoma
Gogo si mti tu, mheshimiwa. Sisi Wagogo tumeipokea kama heshima na tunasubiri mirabaha.

#10 Chumvi ya Pwani
Nimekubali kosa. Nije basi na jina la pili ambalo si mzaha. Pearl Bailey ni Shangazi Hagar, ambaye ndiye Hajiri wa Biblia, mama yake Ismaili, yule mjakazi aliyefukuzwa na mwanawe wakaachwa nyikani. Huku kwetu tunamjua pia kwa habari ya kukimbia baina ya Safa na Marwa akitafuta maji. Weusi wa Marekani walikuwa na msemo wa kujiita watoto wa Shangazi Hagar, na Handy akautumia katika wimbo wake "Aunt Hagar's Blues". Waandishi wa filamu wakamchukua mama wa wimbo wakamtia ndani ya nyumba ya mchungaji akapike na kupatanisha. Sijui kama walifahamu uzito wa jina walilolibeba, lakini ukilifahamu wewe, unamwona Bailey kwa jicho jingine.

#11 Fundi Likasi
Natoa salamu kutoka Kongo. Nimesoma yote na hakuna aliyegusa mdundo. Ndani ya "St. Louis Blues" kuna sehemu inayotembea kwa mwendo wa habanera, yaani mwendo wa Kuba, na Handy alikuwa amefika Kuba mwaka 1900 akiwa na kikundi cha maonesho cha Mahara. Sisi tuliokulia katika rumba hatuhitaji kufafanuliwa, kwa sababu santuri za Kuba zilizoingia kwetu miaka ya 1930 ndizo zilizowasha moto wa rumba ya Kongo. Kwa hiyo wimbo unaoitwa bluzi, ambao filamu inauonesha kama mgogoro wa kanisa na baa, kumbe una bahari katikati yake. Baba mchungaji hakupambana na shetani wa Memphis peke yake. Alipambana na Havana pia.

#12 Nota kwa Nota
#11 yuko sahihi, nami niongeze vipimo ili asiseme mtu kwamba tunapiga ramli. Baada ya utangulizi wa tango, wimbo unaingia katika umbo la bluzi la vipimo 12 (yaani vikundi 12 vya mapigo), ambalo hapa ni la funguo kuu (meja). Kisha inakuja sehemu ya vipimo 16 katika funguo ndogo (maina), yenye mdundo huo wa habanera. Kisha unarudi kwenye vipimo 12. Anayeusikiliza kwa mara ya kwanza hudhani nyimbo mbili zimeshonwa pamoja. Handy aliifanya kazi hiyo kwa makusudi: alijua wachezaji wa dansi wa wakati wake walikuwa na wazimu wa tango, dansi ya mdundo huo huo, akawategea tango kwenye utangulizi, kisha akawaangusha ndani ya bluzi. Mtu wa hesabu kama huyo simwoni akipofuka kwa majuto.

#13 Msafiri wa Alabama
Naishi Marekani, na miaka michache iliyopita nilipita Florence, Alabama, ambako Handy alizaliwa tarehe 16 Novemba 1873. Nyumba ya magogo (Mkazi wa Dodoma, hesabu mirabaha yako) imehifadhiwa kama makumbusho, na ndani yake mna piano yake na tarumbeta yake. Nilisimama mbele ya piano ile muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Habari ninayotaka kuileta ni ya gitaa, maana #4 amenikumbusha. Handy mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mtoto aliweka akiba ya vibarua vyake akanunua gitaa, na baba yake akamwamuru alirudishe dukani alibadilishe kwa kitu cha maana. Alirudi nyumbani na kamusi. Halafu mzee huyo huyo akamwandikisha katika mafunzo ya kinanda cha kanisani. Kwa hiyo baba halisi hakuwa adui wa muziki kama anavyoonekana. Alikuwa na muziki alioukubali na muziki alioukataa, na alikuwa tayari kulipia ule alioukubali. Filamu imemnyima hiyo akili.

#14 Mzee wa Gramafoni
Vijana, mnailaumu Hollywood kwa hadithi ambayo sehemu kubwa aliifuma Handy mwenyewe. Tawasifu yake ya mwaka 1941 imeandikwa na mtu aliyejua kusimulia. Humo ndimo limo tukio la kituo cha treni cha Tutwiler, Mississippi, mwaka 1903: usiku, treni imechelewa, mtu mweusi aliyevaa matambara anapiga gitaa kwa kukandamiza kisu kwenye nyuzi na kuimba juu ya mahali ambapo reli mbili hukatana. Inawezekana lilitokea vile vile, nami sina sababu ya kumkatalia. Lakini tazameni jinsi lilivyopangwa: mtunzi aliyesoma nota amelala usingizi, na bluzi inakuja kumwamsha mfano wa Samweli hekaluni. Aliyeandika hivyo hawezi kushangaa filamu ikimpofusha na kumfumbua.

Na hilo jina la Baba wa Bluzi halikuwahi kukosa wapinzani. Mwaka 1938 mpiga piano wa jazi Jelly Roll Morton aliandika barua kali gazetini akimkana Handy hadharani. Kwa upande wa karatasi tupu, "Dallas Blues" ya Hart Wand ilichapishwa mwaka 1912 miezi kadhaa kabla ya "The Memphis Blues".

#15 Msomi wa Hakimiliki
Mzee, naomba nikusahihishe kwa adabu. Handy hakudai kwamba aliizua bluzi kutoka hewani. Habari hiyo hiyo ya Tutwiler uliyoileta ni ungamo la mtu anayesema kwamba aliikuta kwa wengine. Alichofanya ni kuiandika, kuipanga na kuisajili. Unaweza kuuliza kama yule mpiga gitaa wa kituoni alipata hata senti moja, na hilo ni swali zito, lakini si kosa la uongo.

#16 Mzee wa Gramafoni
Nimesahihishwa nusu. Nusu nyingine bado ninayo: yule wa kituoni hana jina hadi leo, na mwenye nota ana sanamu Beale Street, Memphis.

#17 Shangazi wa Jazi
Turudi kwenye macho kabla Mwalimu hajatufukuza darasani. Mimi nina maelezo mepesi zaidi ya yote. Mwaka 1927 Warner Bros. walitoa The Jazz Singer, ambamo mtoto wa kiongozi wa nyimbo za sinagogi anaasi mapokeo ya baba na kuimba jazi. Filamu hiyo ilitengeneza fedha na ikawa kigezo. Waliopewa kazi ya kuandika maisha ya Handy waliona mchungaji, wakaona mwana mwanamuziki, wakachukua kigezo kutoka kabatini. Upofu ulikuwa ukweli uliokuwa mezani tayari. Kilichobaki ni kuusogeza mahali ambapo kigezo kilihitaji mgogoro. Sioni njama wala teolojia. Naona watu wenye tarehe ya kukabidhi kazi.

Pia kumbukeni kwamba Handy alifariki tarehe 28 Machi 1958, akiwa na miaka 84, na filamu ikatoka Aprili. Waliokwenda kuitazama walikwenda kama watu wanaotoka mazishini.

#18 Nota kwa Nota
Kigezo kinaeleza baba. Hakielezi simfoni. Mbona bluzi inahalalishwa kwa kuvalishwa tai na kupigwa na fidla? Ningependa kusema hilo nalo ni uzushi wa studio, lakini siwezi, kwa sababu Handy mwenyewe alikodi Carnegie Hall tarehe 27 Aprili 1928 akaonesha muziki wa watu wake kuanzia nyimbo za kanisani hadi bluzi. Yaani heshima ile aliitamani kweli. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda kuichukua mwenyewe, na katika filamu anapewa.

#19 Kasha la Santuri
Baada ya kuaibishwa katika #3, nimeitafuta filamu na kuitazama. Hukumu yangu ni kwamba mjadala wenu ni mzuri kuliko uigizaji wa Cole. Mtu huyu anafokewa na baba, anapendwa na wanawake wawili, anapofuka na anafumbuka, na uso wake unabaki kama wa mtu anayesubiri chai. Akifungua kinywa kuimba, basi, nasamehe yote. Huenda upofu uliletwa ili apewe miwani myeusi tusione kwamba haigizi.

#20 Shangazi wa Jazi
Hilo nalo tuliweke kwenye orodha ya nadharia.

#21 Mwalimu wa Kwaya
Mmenipa mengi, na sasa nalazimika kuwapeni kitu. Nimerudi kusoma habari za shule aliyosoma Handy pale Florence. Mwalimu wake, Wallace, aliwafundisha watoto kuimba kwa sol-fa, bila kinanda, kila mmoja akishika sauti yake, jambo ambalo yeyote aliyepita katika kwaya zetu za Afrika Mashariki analijua mpaka kwenye mifupa: do, re, mi ubaoni na fimbo ikipiga meza. Mwalimu huyo huyo, aliposikia kwamba Handy anataka kuwa mwanamuziki, alighadhibika. Kwake wanamuziki walikuwa wavivu na walevi. Akamwandikia baba, na baba akamwambia mtoto kwamba ni heri amsindikize kaburini kuliko kusikia amekuwa mwanamuziki.

Nimejiuliza kwa nini mwalimu wa uimbaji aukasirikie muziki. Jibu langu, na si lazima mlipokee, ni kwamba hawakuwa wakizungumzia dhambi peke yake. Charles Handy alikuwa mtu aliyepitia zama za utumwa na kumwona mwanawe akizaliwa miaka minane tu baada ya utumwa kufutwa nchi nzima. Mtu mweusi mwenye gitaa katika Alabama ile alikuwa picha ambayo wazungu waliipenda na kuicheka. Mtu mweusi mwenye kamusi alikuwa jambo jingine kabisa. Katika filamu mzee anaogopa jehanamu. Huyu wa kweli nadhani aliogopa zaidi kuona mwanawe akichekwa.

#22 Msomi wa Hakimiliki
Hapo Mwalimu umenipokonya hoja na kuirudisha ikiwa bora. Lakini bado nasema chanzo cha woga huo kilikuwa nje ya nyumba, na filamu ilikitoa kwenye picha.

#23 Nota kwa Nota
Nami nakataa. Mtu anaweza kuogopa jehanamu na kicheko kwa pamoja. Wazazi wengi wana nafasi ya kutosha moyoni.

#24 Mtoto wa Mwinjilisti
Baada ya kusoma #21 nilimpigia baba simu jana jioni. Ana miaka 81, na masikio yake bado ni mazuri. Nilimwuliza kama anakumbuka gitaa la jirani. Anakumbuka. Nikamwuliza kwa nini alilirudisha, nikiwa tayari nimejiandaa kwa Zaburi. Akacheka, akaniambia kwamba jirani alikuwa amelipata kwa mkopo na lilikuwa halijalipwa, na yeye hakutaka mwenye deni akija alikute nyumbani kwake chini ya kitanda cha mwanawe. Kuhusu dhambi, anasema hakumbuki kulitaja neno hilo.